Viza ya masomo Uingereza: siku 28 za benki, na kinachofuata baada ya ndege kutua

Msikilizaji mmoja wa kipindi chetu cha asubuhi alitupigia simu na swali ambalo tumegundua linawasumbua wazazi wengi. Binti yake amepata nafasi katika chuo kikuu Uingereza. Ukoo umekaa kikao, ng'ombe wameuzwa, ndugu wamechanga, fedha zimewekwa benki. Siku ya 19 ukatokea msiba. Wakatoa shilingi milioni mbili za mazishi, na wiki iliyofuata wakazirudisha zote. "Sasa," akauliza, "hapo tumeharibu?"

Hawajaharibu, lakini wamerudi mwanzo. Siku 19 walizokwisha kuhesabu hazipo tena, wanaanza kuhesabu siku ya kwanza tangu fedha zilipotimia upya. Bahati yao ni kwamba walikuwa hawajatuma maombi. Wangekuwa wametuma, binti angenyimwa viza, na ada ya maombi isingerudi.

Tukamuuliza hiyo akaunti ni ya nani. Akajibu kwamba ni ya mdogo wake wa Mwanza, kwa sababu yeye ndiye mwenye akaunti benki. Hapo tukaona jambo hili halitoshi kujibiwa kwa dakika mbili hewani. Ndiyo maana tumeandika maelezo haya, uyasome kwenye simu yako taratibu, na ukitaka umsomee na mwenzako.

Tunazungumzia Uingereza tu, na kozi za chuo zinazozidi miezi sita. Ujerumani, India, China na Marekani kila moja ina utaratibu wake, na kuchanganya masharti ya nchi moja na nyingine ni kosa ambalo hata mawakala wa mjini hulifanya.

Fedha ni za nani, na zimekaa wapi

Sheria ya Uingereza inakubali fedha zilizo katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya baba, au ya mama, au ya mlezi anayetambuliwa kisheria. Imeishia hapo, isipokuwa kwa mwenye mume au mke, na kwa anayelipiwa na mfadhili rasmi. Mjomba hayumo. Baba mdogo hayumo, hata kama ndiye aliyekulea na kukusomesha tangu darasa la kwanza, ila kama ana hati ya kisheria ya ulezi. Kaka aliyeko Dubai anayetuma fedha kila mwezi hayumo pia.

Kwetu sisi jambo hili ni gumu kulielewa, maana mtoto ni wa ukoo na mchango ni wa wote. Lakini afisa anayesoma maombi hayajui hayo. Yeye anatafuta jina la mwenye akaunti, kisha analilinganisha na jina lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo ndugu wakichanga, wampe mwanafunzi au mzazi wake, na fedha zikae katika akaunti ya huyo kwa siku zote zinazotakiwa. Wakikuhoji umezipata wapi, sema kweli: tumeuza mifugo, ndugu wamechanga. Weka na karatasi za mauzo kama unazo.

Ukitumia akaunti ya mzazi, ambatanisha cheti chako cha kuzaliwa pamoja na barua ya mzazi, iliyosainiwa, inayosema wewe ni mwanawe na anaridhia fedha hizo zitumike kwa masomo yako. Barua ikiwa kwa Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza yenye jina, saini, tarehe na anwani ya mfasiri. Majina nayo yaangaliwe. Kama kwenye cheti baba ni Saidi na benki ameandikwa Said, na kitambulisho chake cha NIDA kina jina la tatu ambalo halipo popote, shughulikieni kabla ya kutuma chochote. Kuomba cheti RITA au kurekebisha jina huchukua muda, na mara nyingi muda huo ndio unaowaponza watu.

Hati ya shamba si fedha, hata shamba likiwa la ekari hamsini. Nyumba, hisa, ng'ombe na mazao yaliyoko ghalani hayahesabiwi. Fedha za kwenye simu nazo zihamishie benki mapema, kwa sababu wanataka taarifa ya benki inayosimamiwa na yenye kumbukumbu wanazoweza kuzithibitisha.

Kiasi gani, na siku 28 zinahesabiwaje

Kiasi kinachotakiwa ni sehemu mbili zilizojumlishwa. Sehemu ya kwanza ni ada ya chuo ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa. Ya pili ni fedha ya kujikimu, ambayo tangu Novemba 11, 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London, na pauni 1,171 kwa anayesoma nje ya London. Inahesabiwa kwa miezi isiyozidi tisa.

Tuchukue mfano. Chuo kiko nje ya London, ada ya mwaka ni pauni 15,000, na umekwisha kulipa 5,000. Imebaki 10,000. Kujikimu miezi tisa ni 10,539. Jumla pauni 20,539, zaidi ya shilingi milioni 60 za Tanzania. Hizo 5,000 ulizolipa zionekane katika uthibitisho wa chuo au kwenye risiti yao. Vinginevyo ni kama hukulipa.

Kiasi hicho kikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Kuzidi si tatizo. Kushuka chini ya kiwango kwa saa chache, hata kwa makato ya benki ya kila mwezi, ni tatizo. Na taarifa ya benki iwe imeishia si zaidi ya siku 31 kabla ya siku unayotuma maombi na kuyalipia. Kama siku zako 28 zinaishia Juni 30, fedha ziwe zimetimia kufikia Juni 3, na maombi yatumwe kabla ya Julai kwisha.

Hapa kuna shimo jingine. Fedha zako ni shilingi, wao wanahesabu kwa pauni, na kiwango cha kubadilisha hupanda na kushuka. Ukiweka kiasi kamili bila ziada, shilingi ikitetereka wiki ya mwisho unakuwa umepungukiwa bila kugusa hata senti. Sisi tungeweka ziada ya angalau sehemu moja ya kumi.

Mkulima naye ana hesabu yake. Mwenye korosho wa Mtwara au Lindi hulipwa mwishoni mwa mwaka, wakati kozi nyingi za Uingereza huanza Septemba. Fedha zake zitatakiwa kukaa miezi mingi zikiangaliwa na kila mwenye shida ukooni. Mwenye kahawa wa Kagera huanza kuuza katikati ya mwaka, na malipo yanaweza kufika akiwa amechelewa. Vyuo vingi huwa na wanafunzi wanaoanza Januari pia, na kwa familia ya kahawa mara nyingi Januari ndiyo inayolingana na msimu. Uliza chuo kabla hujakata tamaa.

Anayepata ufadhili kamili wa serikali, au wa mpango kama Chevening au Commonwealth, hahitaji kuonyesha siku 28. Barua ya mfadhili inatosha. Chevening, ambayo ni ya serikali ya Uingereza, hugharimia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi wa kama miaka miwili, na hudai urudi nyumbani ukae miaka miwili baada ya kumaliza. Kwa mwalimu au bwana shamba aliyekwisha kuajiriwa, hiyo ni njia ya kuijaribu kabla ya kuuza ng'ombe.

Namba ya chuo, na watu wa kujihadhari nao

Barua ya kukubaliwa na chuo haitoshi kuombea viza. Chuo kikisharidhika nawe, na mara nyingi kikishapokea sehemu ya ada, hukutolea namba iitwayo CAS. Ni namba iliyo katika mfumo wa kompyuta wa serikali ya Uingereza, pamoja na maelezo ya kozi, ada, na kiasi ulicholipa. Hudumu miezi sita na hutumika mara moja.

Si kila chuo kinaruhusiwa kuitoa. Orodha ya vyuo vyenye kibali iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, gov.uk, na inasomeka hata kwenye simu ndogo. Mtu akikuletea chuo ambacho hakimo katika orodha hiyo, mazungumzo yaishie hapo.

Mawakala wa elimu wapo mijini, na wengine wanafanya kazi nzuri. Wengi wao hulipwa na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, kwa hiyo usishangae wakikusukumia chuo fulani kuliko kingine. Ila hakuna wakala, dalali wala mtumishi wa ofisi yoyote mwenye uwezo wa kukuhakikishia viza. Anayesema ana mtu wake ndani anataka fedha zako. Na yule anayejitolea kukutengenezea taarifa ya benki ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu karatasi ya kughushi ikigundulika anayefungiwa ni mwombaji. Kifungo hicho kinaweza kuwa cha miaka 10 bila kupewa viza ya Uingereza. Wakala atakuwa amekwisha kuhamisha ofisi.

Kifua, vidole na mahojiano

Mtu anayeishi Tanzania na anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita lazima apimwe kifua kikuu. Cheti cha hospitali ya wilaya hakikubaliki, hata kama daktari ni yuleyule aliyesomea huko huko Uingereza. Kipimo kifanyike katika kliniki iliyoidhinishwa na serikali yao. Ni picha ya kifua, na cheti hudumu miezi sita. Picha ikionyesha jambo lenye shaka utatakiwa kutoa makohozi, na majibu ya kuotesha vimelea yanaweza kuchukua miezi miwili. Kwa hiyo usiache kipimo kiwe jambo la mwisho. Nenda mapema, hasa kama umewahi kuugua kifua au umeishi na mgonjwa.

Maombi yenyewe hujazwa kwenye intaneti, si mapema zaidi ya miezi sita kabla ya kozi kuanza. Ada yake ni zaidi ya pauni 500. Juu yake kuna malipo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka, yanayolipwa yote kwa mara moja. Kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hufika pauni 1,164, kwa sababu viza huongezwa miezi michache na miezi hiyo hulipiwa. Kwa shahada ya miaka mitatu andaa zaidi ya pauni 2,300. Familia nyingi husahau kiasi hiki, kisha hukichukua kutoka kwenye zile fedha za siku 28. Kitenge pembeni tangu mwanzo. Ukinyimwa viza, malipo ya afya hurudishwa. Ada ya maombi hairudi. Kuhusu ada uliyokwisha kulipa chuoni, soma masharti ya chuo kabla hujalipa, kwani kila kimoja kina yake. Viwango vya ada hizi hubadilika mara kwa mara, hivyo vihakiki siku unayolipa.

Baada ya hapo utakwenda kituo cha maombi kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu.

Wengine huitwa kwenye mahojiano kwa video. Maswali si ya mtego. Kwa nini chuo hiki na si kile? Kozi ina masomo gani? Utaishi wapi? Nani anakulipia, na anafanya kazi gani? Lengo lao ni kujua kama kweli wewe ni mwanafunzi. Anayeshindwa kutaja hata somo moja la kozi yake hujiangusha mwenyewe. Tunawashauri vijana wasikariri majibu ya wenzao, kwa sababu majibu ya kukariri hufanana na anayehoji amekwisha kuyasikia mara nyingi. Sema kwa Kiingereza chako, kifupi na cha kweli.

Jambo dogo lenye uzito: barua pepe. Siku hizi wanafunzi wengi hawabandikiwi tena viza kwenye pasipoti. Viza iko kwenye akaunti ya mtandaoni, na kuifungua kunahitaji barua pepe yako na namba yako ya simu, ambako hutumwa namba ya siri. Ukimwachia wakala ajaze barua pepe yake, umemkabidhi viza yako. Fungua ya kwako na uandike nywila yake mahali salama. Ukifika huko na kununua laini mpya, badilisha namba kwenye akaunti hiyo kabla laini ya nyumbani haijafungwa kwa kutotumika. Na ukipata pasipoti mpya, iingize pia, la sivyo utasumbuka uwanja wa ndege.

Kuitunza viza ukiwa huko

Wazazi wengi hudhani mtoto akishatua Heathrow kazi imekwisha. Kumbe viza ya mwanafunzi imefungwa kwenye chuo kama mbuzi kwenye kamba. Chuo ndicho mdhamini, na kina wajibu wa kuripoti. Usipojisajili kwa tarehe iliyopangwa, ukiacha kuhudhuria, ukisimamisha masomo au ukifukuzwa, chuo kinaripoti serikalini, na viza inaweza kufupishwa. Mara nyingi unapewa siku 60 za kuondoka au kupata njia nyingine halali.

Ugonjwa na misiba hutokea. Kama unahitaji kurudi nyumbani kuzika, usiondoke kimya. Nenda ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni, omba ruhusa kwa maandishi na uhifadhi jibu. Ukihama nyumba wape anwani mpya. Ukitaka kuhama chuo, uliza kwanza, kwa sababu kuhama huhitaji maombi mapya ya viza.

Kinachoangusha wengi ni ada ya mwaka wa pili, au awamu ya pili ya ada ya mwaka wa kwanza. Zile fedha za siku 28 zilikuwa za kuingilia, na baada ya hapo hakuna anayekuuliza mpaka chuo kidai. Mwaka 2024 chuo kimoja cha kaskazini mwa Uingereza kiliwaondoa wanafunzi kutoka Nigeria walioshindwa kulipa awamu kwa wakati, baada ya thamani ya naira kuporomoka. Akiba za nyumbani zilikuwa zimeyeyuka bila wao kufanya kosa lolote. Ukiona malipo yatachelewa, kiandikie chuo kabla ya tarehe ya mwisho. Vyuo vingine hukubali kupanga malipo upya, lakini ni vigumu kumsikiliza mtu aliyekuja baada ya kufutwa.

Kazi

Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wa ngazi ya chini ya shahada kwa kawaida saa 10. Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Saa hazigawanywi, yaani huwezi kufanya 30 wiki hii na 10 wiki ijayo ukasema wastani ni 20. Ukiwa na waajiri wawili, saa zao zinajumlishwa. Likizo rasmi unaweza kufanya kazi muda wote, lakini wanafunzi wa uzamili wajihadhari. Miezi ya kiangazi ambayo wenzao wa shahada ya kwanza wako likizo, wao wanaandika tasnifu, na kwao huo ni muhula.

Kujiajiri kumekatazwa kabisa. Kusuka nywele nyumbani kwa malipo, kupika maandazi na kuwauzia wenzako, kusambaza chakula kwa baiskeli kwa akaunti ya mtu mwingine, vyote hivyo ni kuvunja masharti ya viza. Tunalisema hili wazi kwa sababu dada zetu wengi huona kusuka ni kusaidiana tu, na huenda ndivyo lilivyo, lakini fedha zikishapita mkononi sheria haioni hivyo. Mwajiri halali hukata kodi, na kumbukumbu za kodi zinaonyesha umelipwa kiasi gani.

Kwa hiyo mzazi, hesabu ya kwamba "akifika atafanya kazi ajilipie ada" haikubaliki kwenye maombi, na kwa saa 20 haitimii. Mshahara huo husaidia chakula na nauli. Vilevile, tangu Januari 1, 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto, isipokuwa wa shahada ya uzamivu na kozi za utafiti.

Ukinyimwa, na ukimaliza

Barua ya kunyimwa hutaja sababu. Isome mara mbili kabla ya kumlipa mtu yeyote akusaidie. Kama afisa amekosea, kwa mfano hakuhesabu karatasi uliyoiambatanisha, unazo siku 28 za kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kama kosa ni lako, fedha zilishuka au akaunti ilikuwa ya mjomba, ni bora kurekebisha na kuomba tena. Ukiulizwa kwenye maombi mapya kama umewahi kunyimwa viza, jibu ndiyo. Kuficha ni kosa kubwa kuliko kule kunyimwa kwa kwanza.

Anayemaliza shahada anaweza kuomba kibali cha wahitimu, kikamruhusu kukaa na kufanya kazi bila mdhamini. Sasa hivi ni miaka miwili, na mitatu kwa wenye uzamivu. Aombe akiwa bado yuko Uingereza, viza ya masomo haijaisha, na chuo kimekwisha kuthibitisha kwamba amemaliza. Malipo ya afya ya kibali hicho ni pauni 1,035 kwa mwaka, na hulipwa yote kabla. Kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027, miaka miwili itapungua kuwa miezi 18. Kijana anayeanza uzamili wa mwaka mmoja Septemba 2026 atamaliza Septemba 2027, kwa hiyo familia yake ipange kwa miezi 18.

Yule mzazi wa simu ya asubuhi amefungua akaunti kwa jina lake, na mdogo wake wa Mwanza amehamisha fedha zote. Wanahesabu upya tangu Jumatatu, na za misiba wameziweka kwenye simu ya shangazi mwingine.